TD04L, VF39 au 20G: turbo ipi inaamka mapema kwenye Subaru, na kwa presha gani

Mwenye Forester au Impreza ya turbo akisema anataka nguvu zaidi, jibu la kwanza atakalopewa kijiweni ni "weka turbo kubwa". Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na eksozi, yaani moshi unaotoka kwenye injini, na nyingine inabana hewa kuingia kwenye injini. Turbo kubwa hupitisha hewa nyingi huko juu, kuanzia 5,500 RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), ila inadai eksozi nyingi kabla haijaamka, yaani kabla haijajaza presha. Na uendeshaji wetu wa kila siku haukai kwenye 5,500. Ukipanda Kitonga au Mau Summit nyuma ya lori, gari liko gia ya tatu, geji inasoma 2,500, na nafasi ya kupasi ni fupi. Hapo tofauti ya turbo inayojaza presha kwenye 3,000 na ile inayosubiri 4,200 ndiyo inayoamua kama utapita au utarudi nyuma ya lori.

Tunalinganisha turbo tatu ambazo wenye Subaru za injini za familia ya EJ (EJ20 za lita 2.0 na EJ25 za lita 2.5) huzitafuta zaidi: TD04L-13T ya Mitsubishi Heavy Industries, VF39 ya IHI, na 20G inayojengwa juu ya kiini cha TD05H. Zote zinakaa pale pale, upande wa kulia nyuma ya injini, na zote zinategemea eksozi inayosafiri kutoka pande mbili za injini, ikapita chini, kisha ikapanda kwa bomba moja hadi kwenye turbo. Safari hiyo ndefu ni sababu mojawapo ya Subaru kuchelewa kuamka kuliko injini nyingi za turbo ambazo turbo yake imebanwa moja kwa moja kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya eksozi kwenye injini.

Kwanza tuelewane juu ya mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna RPM ambayo chini yake turbo haiwezi kujaza presha hata ukikanyaga mafuta mpaka chini, kwa sababu eksozi haitoshi. Halafu kuna muda unaopita tangu ukanyage, ukiwa tayari juu ya RPM hiyo, mpaka presha ifike. La kwanza linatawaliwa zaidi na ukubwa wa njia ya eksozi ndani ya kava (ganda la turbo) pamoja na feni ya eksozi. La pili linategemea sana uzito wa feni zote mbili na shafti yake. Gari linaweza kuwa zuri kwa moja na baya kwa jingine, na ukilalamika kwa fundi bila kutenganisha hayo mawili, utauziwa kitu kisichotibu tatizo lako.

Kuhusu uzito wa feni, hesabu yake ni kali kuliko watu wanavyodhani. Feni mbili za umbo lile lile na madini yale yale zikitofautiana kipenyo, ugumu wa kuzizungusha hupanda kwa kipenyo mara tano kwa chenyewe. Ongeza kipenyo kwa asilimia 10 tu, na feni inakuwa ngumu kuharakishwa kwa takriban asilimia 61. Shafti hiyo inatakiwa kufika mizunguko zaidi ya 100,000 kwa dakika, kwa hiyo kila gramu iliyo ukingoni mwa feni ina gharama.

TD04L-13T: ndogo, na wengi wanaidharau bure

Hii ndiyo iliyofungwa kiwandani kwenye Impreza WRX ya lita 2.0 iliyoingia soko la Marekani mwaka 2002, ikatoa nguvu farasi 227 kwa presha ya karibu psi 13.5 (paundi kwa inchi ya mraba). Baadaye ikawekwa kwenye Forester XT ya lita 2.5 ya soko hilo hilo. Kwenye lita 2.0 iliyo nzima, isiyovuja popote, presha kamili hufika karibu 3,000 kwa gia ya nne. Kwenye lita 2.5 hufika mapema zaidi, karibu 2,600. Kwa mjini na safari ndefu zenye milima, hakuna kati ya hizi tatu inayoendesheka vizuri kuliko hii.

Udhaifu wake uko juu. Injini ya lita 2.0 ikiwa 6,500 na presha ya psi 14.5, inameza takriban kilo 12.5 za hewa kwa dakika, hewa inayotosha nguvu farasi 275 hivi. Hapo TD04L imefika ukingoni. Ukiipangia psi 17 itakupa 17 kwenye 3,200, lakini kufikia 6,000 itakuwa imeshuka hadi 13 au chini yake, hata westigeti (mlango unaopitisha eksozi pembeni ya feni ili kudhibiti presha) ikiwa imefungwa kabisa. Fundi akijaribu kuilazimisha ikae 17 mpaka mwisho, itazunguka nje ya uwezo wake, itapasha hewa badala ya kuibana, na injini itaanza kunoki, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda. Ramani nzuri ya TD04L, yaani mpangilio wa kompyuta ya injini, huiacha presha ishuke yenyewe kadiri RPM inavyopanda.

Jambo jingine la kuangalia kwa turbo ndogo ni nguvu nyingi kwenye RPM ya chini. Presha kubwa kwenye 2,800 inabana pistoni kwa muda mrefu kuliko presha ile ile kwenye 5,000, na EJ255 na EJ257, zote za lita 2.5, zinajulikana kwa kupasuka kingo za pistoni zinazoshika ringi. Subaru nyingi za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani 100 RON, na ya kwenye pampu zetu haifiki hapo. Kwa hiyo kwenye lita 2.5 yenye TD04L, usiombe presha yote kabla ya 3,000. Ianzie psi 12 au 13, kisha ipande taratibu kuelekea 3,500. Utapoteza kidogo sana mgongoni mwa kiti, na pistoni zitadumu.

VF39: mahali pake ni lita 2.5

VF39 ilitoka kiwandani kwenye Impreza WRX STI za soko la Marekani za 2004 hadi 2006, injini EJ257, presha psi 14.5, nguvu farasi 300. Kwenye injini hiyo ya lita 2.5 inajaza karibu 3,300, na ikipangwa vizuri inabeba psi 18 bila kuhema. Ukituuliza tuchague moja kwa gari linalofanya kila kazi, na injini ni lita 2.5, tunachagua hii.

Kwenye lita 2.0 hadithi inabadilika, na hesabu yake ni rahisi. EJ20 ina cc 1,994, EJ25 ina cc 2,457. Ya pili inatoa eksozi zaidi kwa asilimia 23 kwa RPM ile ile. Kwa hiyo turbo inayojaza kwenye 3,300 kwa lita 2.5 itahitaji kuelekea 4,000 kwa lita 2.0 ili ipate eksozi sawa. Kwa vitendo inajaza kati ya 3,600 na 3,900, kutegemea kama injini ina AVCS, yaani mfumo unaobadilisha muda wa valvu za kuingiza hewa, na kama ramani inautumia. EJ205 za Japani nyingi zinao. Ile ya WRX ya Marekani ya 2002 haina. Ukiwa nao, kuusogeza mbele kati ya 2,500 na 4,000 kunasaidia turbo kuamka, na ni marekebisho ya kompyuta tu, bila kununua kifaa.

Hapa kuna mtego sokoni. VF nyingi zinazoletwa na injini nusu kutoka Japani si VF39. Nyingine, kama VF37, zina milango miwili ya eksozi kwenye kava, na zinataka manifoldi na bomba la kupanda lenye njia mbili. Ukiifunga juu ya bomba la njia moja kwa kutumia adapta, umeharibu faida yote iliyoifanya iamke mapema, na mara nyingi itakuwa mbaya kuliko ulichotoa. Geuza turbo, tazama mdomo wa kava ya eksozi. Ukiona ukuta katikati, jua unahitaji vifaa vyote vya mbele yake.

20G: kubwa, na inadai kila kitu kingine kiwe kikubwa

Feni ya hewa ya 20G ina mdomo wa takriban milimita 52.6 na kipenyo cha nyuma cha 68. Kava yake ya eksozi kwa Subaru huuzwa kwa sentimita za mraba, kwa kawaida 7 au 8. Namba hiyo ndogo ndiyo inayobadilisha tabia ya turbo kuliko neno "20G" lililoandikwa kwenye tangazo. Kava ya 7 inabana eksozi, inaipa kasi, turbo inaamka mapema kwa RPM mia mbili au tatu, lakini huko juu eksozi inarudisha msukumo kwenye injini na joto linapanda. Kava ya 8 inapumua vizuri juu na inachelewa chini. Kwa lita 2.0, kama ni lazima iwe 20G, chukua ya 7. Kwa lita 2.5 chukua ya 8.

Kwenye lita 2.5 presha kamili ya psi 20 hufika karibu 3,600. Kwenye lita 2.0 tarajia 4,200 au zaidi. Kuna tatizo la ziada linaloonekana fundi anapojaribu kuilazimisha iamke mapema kwenye injini ndogo: feni kubwa ya hewa ikibana presha kubwa huku hewa inayopita ni kidogo, hewa inarudi nyuma. Utasikia mlio wa kukatakata wakati bado umekanyaga mafuta, na sindano ya geji inatikisika. Huo si mlio wa kujivunia. Unapiga beringi za shafti kila unapotokea. Dawa yake ni kupunguza presha chini ya 3,800, au kurudi kwenye feni ndogo.

Halafu kuna mafuta. Nozeli za petroli za kiwandani za EJ205 hazitoshi 20G. Hesabu nozeli za cc 650 kwa dakika kwenda juu, pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa, na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) kubwa kuliko ile ya kiwandani ya WRX. Anayefunga 20G na kuacha nozeli za zamani anaiua injini kwa njaa ya petroli kwenye 5,500, pale pale turbo inapoanza kuonyesha uwezo wake. Hatuipendekezi kwa lita 2.0 inayotembea barabarani. Kwa lita 2.5 yenye pistoni za kufua na mwenye gari anayeenda mashindano ya wikiendi, ni turbo nzuri.

Presha unayoomba nayo inachelewesha

Watu husema "turbo yangu inaamka 3,400" bila kutaja presha. Sentensi hiyo haina maana. TD04L ile ile inaweza kufika psi 8 kwenye 2,500, psi 14 kwenye 3,000, na psi 17 kwenye 3,200. Ukiongeza presha unayoomba, unasogeza mbele RPM ya kufika, ingawa turbo haijawa nzito zaidi. Ukitaka kulinganisha turbo mbili kwa haki, zilinganishe kwa presha moja, gia moja, kuanzia RPM moja. Kipimo kinachoaminika ni gia ya nne, 2,000 RPM, kanyaga yote, kwenye dyno (mashine ya kupima nguvu ya gari) au mahali palipofungwa, huku kompyuta ikirekodi. Gia ya pili inadanganya: injini inapanda haraka kiasi kwamba turbo haipati muda, na matokeo yanaweza kutofautiana na gia ya nne kwa RPM mia tano.

Mwinuko nao unaingia hapa. Mombasa na Dar es Salaam hewa ina shinikizo la karibu psi 14.7. Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, ni karibu 11.8. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu 12.4. Geji yako inaonyesha presha juu ya ile ya nje, kwa hiyo psi 18 pwani maana yake turbo imezidisha hewa mara 2.22. Psi 18 Nairobi ni mara 2.53. Ili turbo ifanye kazi ile ile iliyofanya Mombasa, Nairobi unatakiwa kuomba psi 14.4 tu. Kompyuta ya kiwandani ya Subaru inalijua hili na hushusha presha yenyewe kulingana na hewa ya nje. Ramani nyingi za kununuliwa tayari huzima kipengele hicho au hupangwa na mtu aliye usawa wa bahari. Gari likiletwa Nairobi, TD04L inazungushwa kupita kiasi kufukuza namba ambayo haiifikii, hewa inatoka moto, na mwenye gari anaambiwa turbo ni ndogo.

Mwinuko huo huo unachelewesha kuamka. Kabla presha haijaja, injini inavuta hewa pungufu kwa asilimia 20, kwa hiyo eksozi ni pungufu kwa kiasi hicho. Turbo inayojaza 3,300 pwani inaweza kusubiri hadi 3,600 au 3,800 Nairobi. Kwa mkazi wa bara, chagua turbo ndogo kwa ngazi moja kuliko ile anayopendekezewa na mtu wa pwani.

Kabla ya kununua, tafuta uvujaji

Subaru nyingi zinazolalamikiwa kuamka kwa kuchelewa zina turbo nzima na gasketi mbovu. Eksozi ikivuja kabla ya turbo, kwenye maungio ya manifoldi chini ya injini au bomba la kupanda, nguvu ya kuzungusha feni imetoka nje. Washa gari likiwa baridi asubuhi usikilize mlio wa tiktiktik unaofifia likipata joto. Ingia chini na tochi utafute masizi meusi kwenye maungio. Baadhi ya magari, pamoja na WRX za mwanzo za Marekani, yana kichujio cha moshi ndani ya bomba la kupanda, mbele ya turbo. Kikianza kuvunjika, vipande vinagonga feni ya eksozi. Bomba lisilo na kichujio hapo linaokoa turbo na kuiamsha mapema kidogo.

Upande wa hewa, ziba mdomo wa turbo, pampu psi 15, sikiliza. Sehemu zinazovuja zaidi ni mpira ulio chini ya intakula, gasketi ya valvu ya kupumulia, na hozi ndogo zilizokakamaa.

Kisha angalia hozi za westigeti. Mfumo wa kiwandani una solenoidi (valvu ya umeme) ya njia mbili na kizibo kidogo chenye tundu la milimita 1 hivi ndani ya hozi inayotoka kwenye turbo. Fundi akibadilisha hozi hiyo bila kuhamisha kizibo, solenoidi inashindwa kupunguza hewa, westigeti inafunguka mapema, na gari linabaki kwenye presha ya springi ya westigeti, psi 7 au 8. Tumia tochi, bonyeza hozi kwa vidole, kizibo utakisikia kigumu ndani. Solenoidi ya njia tatu haihitaji kizibo hicho, na kwa kuwa inazuia hewa isifike kabisa kwenye westigeti mpaka presha ikaribie, inaamsha turbo yoyote kati ya hizi mapema kuliko ile ya kiwandani. Kwa bei yake, ndicho kifaa tunachokipa alama za juu kabisa katika mapitio haya. Ramani lazima ipangwe upya baada ya kuifunga, vinginevyo presha itapita kiasi.

Bomba la nyuma ya turbo la inchi 3 nalo linasaidia, RPM mia mbili hadi nne, kwa kuwa feni ya eksozi inapata tofauti kubwa ya presha mbele na nyuma yake. Angalia jambo moja: tundu la westigeti la TD04L ni dogo, na eksozi ikipumua sana, presha inaweza kuendelea kupanda juu hata westigeti ikiwa wazi kabisa. Ukiona presha inapanda yenyewe baada ya 5,500, toboa na upanue tundu hilo, usizungushe skrubu ya springi.

Kuikagua dukani na kuifunga

Turbo ya mtumba ishike kwenye shafti. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida kwa beringi za oili, lakini isicheze kabisa mbele na nyuma. Zungusha huku ukisukuma pembeni. Feni ikigusa kava, iache. Tazama kingo za feni ya hewa kama zimelika na vumbi. Tazama mfuniko wa westigeti kama unafunga bapa: weka tochi upande mmoja, mwanga usipite. Nakala za 20G zisizo na jina huwa na feni za kipimo tofauti na tangazo, kwa hiyo nenda na kalipa upime ile 68.

Kabla ya kufunga, badilisha oili na filta, na ufungue boliti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo. Kwenye EJ255 boliti hiyo ina wavu mdogo ndani, na ukiziba, turbo mpya itakufa kama iliyotangulia. Mimina oili kwenye tundu la juu la turbo, zungusha feni kwa mkono, unganisha, kisha chomoa plagi za koili na nozeli upige staata sekunde 10 hadi 15 mpaka taa ya oili izime. Washa, liache liungurume bila kukanyaga mafuta dakika tano, kagua hozi ya oili inayorudi na mabomba ya maji, kaza tena nati za kava ya eksozi gari likishapoa, na uanze na presha ya springi peke yake kabla ya kuruhusu solenoidi ifanye kazi.